Siku ya Kufungua Mkebe

Kabla sijaeleza jinsi Mama Mkebe alivyowafuta wagonjwa wetu wote kwa mkono wake mwenyewe, mchana kweupe, mkuu wa kituo akiwa amesimama nyuma ya kiti chake, acha niseme kwanza kwamba sijawahi kufanya kazi na mtu mwangalifu kama yeye. Uangalifu wake huo ndio uliokuwa ukinikera. Mimi ni fundi wa miguu ya bandia, nimeshika tupa na plasta tangu ndevu hazijaniota vizuri, na sipendi mtu anayeniuliza mara mbili jambo nililokwisha kumjibu.

Kituo chetu hutengeneza miguu. Mtu anakuja na kigutu chake, tunampima, tunamtengenezea kikombe, yaani ile sehemu ya juu ambamo kigutu kinaingia, kisha chini yake tunafunga mguu wenyewe. Mguu si kazi. Kazi ni kikombe. Kikombe kikikosewa kidogo tu, mtu anatembea machozi yakimlengalenga, au hatembei kabisa na mguu wa watu unaishia uvunguni. Kwa hiyo kila mgonjwa ana historia yake: hapa tulipunguza, hapa tukaacha nafasi, hapa anaumia akipanda ngazi. Historia hiyo inachukua miaka kuipata. Mkanda wa kupimia hauwezi kukupa kwa asubuhi moja.

Zamani historia hiyo ilikaa kwenye kalibu za plasta. Kila mgonjwa alikuwa na kalibu yake, umbo la kigutu chake lililokwanguliwa hapa na kujazwa pale mpaka likaelewana na mwenyewe. Zilijaa ghala zima, zikapanda hadi darini, nyingine zikaota ukungu. Fundi aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alizijua kwa kuzipapasa tu, na mimi nilikuwa naanza kuzijua hivyohivyo. Ndipo Mama Mkebe akaja na wingu lake.

Alituita wote karakana akatueleza, na nakiri alieleza vizuri. Vigutu vyote na kalibu zote zitapigwa picha kwa kamera maalumu inayozunguka, na vipimo vitaingia kwenye hifadhidata. Jedwali moja la wagonjwa, jingine la vipimo, jingine la marekebisho, na yote yameshikana, ukimgusa mgonjwa mmoja basi vipimo na marekebisho yake yote vinainuka naye. Hifadhidata yenyewe haitakaa kituoni kwetu, ambako paa linavuja na umeme unajiamulia mambo. Itakaa kwenye kompyuta za watu ambao hiyo ndiyo kazi yao, mbali huko, ndiko wanakokuita wingu, sisi tunaifikia kwa mtandao. Wao wanaangalia mashine zisiungue, sisi tunaangalia vilivyomo.

"Halafu kalibu?" nikauliza.

"Kalibu tunazivunja. Ghala linahitajika kuwa chumba cha mazoezi ya kutembea."

"Na hayo mavipimo yako yakipotea huko mawinguni, nani atajibu?"

"Mimi, Fundi. Utakuja kwangu, hutahangaika kutafuta."

Akasema hivyo kwa sauti ileile anayoombea chai. Tukazivunja. Nilivunja kwa nyundo yangu mwenyewe, kwa hasira, na vumbi lake lilinikaa kooni wiki nzima. Kwa neno la mwanamke mmoja, kazi yote ya mwalimu wangu ikapakiwa kwenye lori la taka. Namwambia kila mtu kwamba sikusema kitu, na kila mtu aliyekuwepo anasema sikunyamaza.

Jina la Mama Mkebe tulimpa sisi wa karakana, na lina asili yake. Mama yake mzazi alilea watoto peke yake, na chakula cha akiba alikiweka kwenye mikebe mikubwa ya bati iliyopangwa juu ya kabati. Mwaka mmoja kazi zilikatika, wakawa wanaujua ule mkebe wa maharagwe kwamba upo, umejaa, wanautazama tu na kupata usingizi. Siku ya kuufungua wakakuta yamebunguliwa yote, fukusi wanatembea juu ya unga. Mkebe ulikuwa mzito vilevile. Ulikuwa umefungwa vilevile. Tangu siku hiyo mama yake alikuwa na tabia moja, kila mwezi anashusha mikebe yote, anaifungua, anachota, anapika, wanakula, ndipo anasema hapa tuna akiba. Binti akakua akijua kwamba akiba ni kile ulichokwisha kukionja.

Alianza kituoni kwetu akiwa mpokea simu. Jioni akasomea kompyuta, akafaulu, akaondoka akafanya kazi kwenye maofisi makubwa, akarudi kwetu akiwa ndiye mwenye funguo za kila kitu. Nyumbani kwake, anasema mumewe, tochi zinawashwa kila mwezi, funguo za akiba zinajaribiwa kila kufuli, na hata yeye mume huulizwa mara kwa mara kama bado anampenda. "Nami najibu upesi," mumewe anasema, "maana nikisita ataniwashia tochi." Ni mtu mchangamfu yule bwana. Lazima awe.

Basi kituoni nako akaanzisha siku ya kufungua mkebe. Mara moja kwa mwezi anachukua ile akiba, yaani nakala ya hifadhidata inayotunzwa kila siku, anaifungua kwenye chumba kipya huko winguni, pembeni kabisa na ile ya kweli. Halafu anatuita mafundi mmojammoja. Kila mmoja achague mgonjwa anayemjua, amtafute kwenye hiyo nakala, alinganishe na mguu alionao mkononi. Kikombe kina upana gani hapa? Rekebisho la mwisho lilikuwa nini? Si unasema sawa tu na kuondoka. Anakuuliza, na ukishajibu anakuuliza tena. Kazi inasimama, gundi inaganda kwenye kopo, na sisi tumepanga foleni kama watoto wa chanjo.

Mwanzoni ile nakala ya mazoezi ilikuwa na utepe mwekundu juu ya skrini, ulioandikwa MAZOEZI. Akagundua kwamba tukiuona ule utepe tunalegea. Tunaitikia "sawa, sawa" macho yako dirishani. Akauondoa. Nakala ya mazoezi ikawa inafanana na ya kweli kwa kila kitu, rangi kwa rangi, ili tuitazame kwa adabu. Kumbuka jambo hilo la utepe.

Mkuu mpya wa kituo alipokuja, alikuwa mtu wa kusikiliza, si mjinga hata kidogo. Aliuliza maswali ya maana. Akajua kwamba mbali na ile akiba ya kila siku, hifadhidata yetu ina pacha. Pacha huyo yuko kwenye jengo jingine kabisa, na kila kinachoandikwa kwa mkubwa kinaandikwa kwake papo hapo. Jengo la kwanza likipata hitilafu, pacha anashika kazi, sisi hata hatujui. Mkuu akakaa na hilo jambo kichwani, kisha akamwita Mama Mkebe.

"Hizi ni habari za miili ya watu," akamwambia. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka maombi ya tupa mpya. "Kila nakala tunayotunza ni mlango mmoja zaidi wa mwizi. Pacha tunaye, naye ana kila kitu. Hizi akiba nyingine za siku na siku za nini? Nataka tuzizime, na zilizopo zifutwe."

"Pacha si akiba, Mkuu."

"Ana kila kitu au hana?"

"Ana kila kitu. Hata makosa anayo."

Mkuu akasema hajaelewa, na akasema kiungwana. Mama Mkebe akamwomba asubiri siku ya kufungua mkebe. Atamtengenezea kwenye chumba cha mazoezi hifadhidata yenye pacha wake, atamfutia data mbele ya macho yake, aone pacha atafanya nini. Akishaona, akitaka akiba zizimwe, yeye atazizima siku hiyohiyo. Mkuu akakubali, na mimi nikasahau tupa zangu kwa kutamani kuiona siku hiyo.

Siku ilipofika, asubuhi kwenye chumba changu cha kupimia alikuwepo Mpaka Rangi. Huyu bwana kazi yake ni kupaka rangi majumba, anapanda ngazi za mbao akiwa na ndoo mkononi na mguu wa bandia chini ya suruali. Kikombe chake kilituchukua miaka. Cha kwanza kilimchubua mpaka akawa anarudi nyumbani kwa gongo la kutembelea, cha pili kilimteleza akiwa juu ya ngazi, na kile kilichomfaa tulikipata kwa kupunguza punje kwa punje. Sasa kilikuwa kimepasuka. Alikuwa ameketi kwenye meza yangu, suruali imekunjwa, akinisubiri nimpe kingine.

Nikampima upya, nikaona kigutu kimebadilika kidogo ndani ya goti. Nikaandika kwenye hifadhidata: upande wa ndani, chini ya goti, acha nafasi. Nikahifadhi. Ndipo nikaona nimeandika mguu wa kushoto, na mtu wa watu hana mguu wa kulia. Ukishahifadhi, mwenye ruhusa ya kubadilisha ni Mama Mkebe peke yake. Nikapanda ghorofani kwake, nikamwomba. Akanicheka, akafungua hifadhidata ya kweli kwenye skrini yake, akarekebisha.

"Miaka yote hii hujui kulia na kushoto," akasema.

"Mimi najua. Kompyuta yako ndiyo haijui."

Mkuu akaingia wakati huohuo. Mama Mkebe akamkaribisha asimame nyuma ya kiti. Madirisha yote yalikuwa yamefunguka kwenye skrini moja: hifadhidata ya mazoezi na pacha wake, na ile ya kweli aliyoifungua kwa ajili yangu, naye pacha wake kando. Nikabaki mlangoni. Napenda kuona wakuu wakifundishwa.

"Huyu hapa mkubwa, huyu hapa pacha," akasema. "Nyumba nzima huwezi kuibomoa hivihivi, ina kufuli. Lakini kumwaga vilivyomo ndani, mwenye ufunguo anaweza. Mimi ninao."

"Na mwizi akiupata?"

Akamgeukia kumjibu, akamjibu vizuri, kwa kirefu, akageuka tena kwenye skrini. Akaandika amri. Akabonyeza.

"Haya, tazama pacha."

Mkuu akainama. Pacha alikuwa mtupu. Majedwali yalikuwepo, ndani hamna kitu.

"Papo hapo," Mkuu akasema taratibu.

"Papo hapo. Kazi yake ni kumfuata mkubwa. Mkubwa akiandika, anaandika. Mkubwa akifuta, anafuta. Mtu akikosea, wanakosea wawili." Alijiegemeza kitini, na sitaficha, alikuwa anajisikia. "Umeona sasa kwa nini nataka akiba?"

Mkuu alisema ameona. Mimi nikashuka kwa mgonjwa wangu nikiwa na furaha ya bure, nikaketi mbele ya skrini yangu nimfungue Mpaka Rangi niendelee na kazi. Hayupo. Nikaandika upya jina lake, polepole. Hayupo. Nikamtafuta bibi wa jana. Nikamtafuta mtoto wa juzi. Nikajitafuta mimi mwenyewe kwenye jedwali la mafundi, na hata mimi sikuwepo.

"Vipi, Fundi?" Mpaka Rangi akauliza. "Umeona mzimu?"

Nilipanda zile ngazi kwa kasi ambayo magoti yangu yanailalamikia hadi leo. Mkuu alikuwa bado hajatoka. Nikamwambia Mama Mkebe kwamba kwangu chini wagonjwa hawaonekani, hata mmoja.

Akatazama skrini. Alitazama jina la dirisha alilokuwa ameandikia ile amri, akalitazama tena. Kisha akasema, kama mtu anayetoa taarifa kwamba mvua imeanza:

"Nimefuta ya kweli."

Mkuu alishika mgongo wa kiti. "Ya kweli ipi?"

"Iliyo ya kweli, Mkuu. Wagonjwa wote. Ni mimi, si mashine."

Hapo ndipo nilipomwona Mkuu akikumbuka jambo, na rangi ikamtoka. "Zile akiba," akasema. "Nilikwambia uzizime."

"Ulisema nizizime baada ya kukuonyesha. Nilikuwa bado nakuonyesha."

Mimi nilikuwa na mengi ya kusema, na niliyasema. Nilisema kuhusu kalibu, kuhusu nyundo, kuhusu lori la taka. Nilimwambia kwamba mwalimu wangu alifanya kazi maisha yake yote na hakuwahi kupoteza mguu mmoja, na yeye amepoteza yote kwa kidole. Nilikuwa nimeumia kwelikweli, na sauti yangu ilifika mpaka uani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umemaliza?" akauliza. "Basi shuka uwaambie mafundi wote wasiandike chochote kwenye kompyuta mpaka niseme. Mpe mgonjwa wako chai. Usimwambie kwamba mambo yameharibika, mwambie ukweli, kwamba nimekosea na narekebisha. Muda si mrefu nitakuwa nimeifungua akiba kwenye chumba kipya. Ile tupu siigusi, itabaki palepale kama ushahidi wangu."

"Na akiba yenyewe ni ya lini?" nikauliza. "Si ya usiku wa jana? Nilichoandika leo asubuhi?"

"Akiba ni ya jana usiku. Lakini tangu hapo kila badiliko linaandikwa pembeni, moja baada ya jingine, kwa saa yake. Naichukua ya jana, juu yake naipangia mabadiliko ya leo yote, naisimamisha dakika moja kabla ya ujinga wangu. Ndivyo inavyotakiwa kuwa."

"Inavyotakiwa."

"Ndiyo, Fundi. Nikishaifungua ndipo nitakwambia kama ndivyo ilivyo."

Nilishuka. Nikamweleza Mpaka Rangi. Aliuchezea ufa wa kikombe chake cha zamani, kisha akasema ana kazi ya ukuta mrefu, keshokutwa anatakiwa awe juu ya ngazi, na asipokwenda atapewa mwingine. Akasema kwa upole, jambo lililoniuma zaidi. "Lakini Fundi, nikirudi kwenye kile kikombe cha kwanza, kile cha kuchubua, mimi sitaki. Bora mnipe gongo moja kwa moja nijue moja."

Na hapo nikaona saa yangu imefika. Kwa sababu siku ile ya nyundo, sikuvunja kalibu zote. Moja niliifunga kwenye gunia nikaisukuma chini ya meza yangu, nyuma ya magunia ya plasta. Ilikuwa ya Mpaka Rangi, kazi ya mwisho ambayo mwalimu wangu na mimi tuliifanya pamoja. Nilikaa nayo muda wote huo nikijua ipo. Kila Mama Mkebe aliponisumbua na maswali yake, nilikuwa nautazama upande ule wa meza na moyo wangu unatulia.

Nikaitoa. Nikapangusa vumbi. Nikamwambia Mpaka Rangi asiwe na wasiwasi, sisi wa zamani tuna njia zetu. Nikafinyanga kikombe cha haraka juu ya ile kalibu, kile cha plastiki laini tunachojaribia, nikamvalisha, nikamwambia asimame.

Alisimama akakaa palepale. Nikamsukumia ndani tena, akasimama, nikaona kikombe kinacheza juu huku kinamkaba ndani ya goti. Akauma midomo. Nilichukua mkanda nikapima kalibu, nikampima yeye. Kigutu chake kilikuwa kimepungua kila mahali, na pale ndani ya goti kilikuwa kimeota kinundu ambacho mwalimu wangu hakuwahi kukiona. Kalibu yangu ilikuwa nzima, nzuri, haina hata ufa. Ila ilikuwa ya mtu mwingine, yule Mpaka Rangi wa miaka ile.

Sikuwahi kuijaribu hata siku moja. Nilikuwa naitazama tu.

Nikaketi kwenye kigoda changu. Niliogopa, na sioni haya kusema. Kiburi changu chote kilikuwa kimelala chini ya meza kwenye gunia, na sasa kilichobaki kati ya yule bwana na gongo kilikuwa ni mkebe wa Mama Mkebe, ule niliokuwa nikiupigia miayo.

Alishuka mwenyewe, kompyuta ndogo ya kubeba mikononi, Mkuu nyuma yake. Hakuniita ghorofani kwa sababu alijua mgonjwa wangu hawezi kupanda. Akaiweka kompyuta mezani, kando ya kalibu. Aliiona kalibu. Alinitazama, akaitazama, hakusema kitu, na mimi nilitamani aseme.

"Imefunguka," akasema. "Bado sijaiamini. Mtafute mtu wako."

Vidole vyangu vilikuwa na plasta, nikavifuta kwenye suruali. Nikaandika jina. Mpaka Rangi akainuka, uzima wake wote: vipimo vya kwanza, kikombe cha kuchubua, kikombe cha kuteleza, punje kwa punje, maneno ya mwalimu wangu niliyoyaingiza mimi mwenyewe nikinung'unika. Nikateremka mpaka chini kabisa. Hapo kulikuwa na rekebisho la mwisho, la asubuhi ileile: upande wa ndani, chini ya goti, acha nafasi. Mguu wa kulia. Hata kosa langu lilikuwa limerudi likiwa limerekebishwa.

"Ipo," nikasema. Nikaigusa skrini kwa kidole. "Ipo."

"Linganisha," akasema Mama Mkebe.

Nikachukua mkanda, nikampima Mpaka Rangi mahali kwa mahali, nikamsomea. Kila nilichosoma alikitazama kwenye skrini. Akawaita mafundi wengine, kila mmoja na mgonjwa wake, na safari hii hakuna aliyetazama dirishani. Alipotosheka ndipo alipoelekeza kompyuta zote za kituo kwenye hifadhidata mpya, akairudishia pacha wake, akatuambia tuendelee na kazi. Mkuu alibaki amesimama katikati ya karakana.

"Mama," akasema, "akiba zibaki. Ila tuzifunge vizuri zaidi, funguo ziwe kwa watu wachache."

"Na mimi nisiwe na ufunguo wa kumwaga peke yangu," akajibu. "Awepo wa pili wa kuthibitisha. Leo ningekuwa na mtu wa kuniuliza mara mbili, tusingefika hapa."

Nilijua anamsema nani. Nikajitia niko na shughuli ya gundi.

Kikombe cha Mpaka Rangi nilikitengeneza siku hiyo na kesho yake, na keshokutwa alikuwa juu ya ngazi yake. Kalibu niliipeleka kwa Mama Mkebe nikamwambia aivunje yeye, nyundo hii hapa. Akaigeuzageuza. Akasema kazi ya namna hiyo haivunjwi, ni ya kuweka juu ya kabati watu waione, mradi nisilale kwa kuitegemea. Iko ofisini kwake mpaka leo. Hakunitania kuhusu ile kalibu hata mara moja, na kwa mtu anayenijua, hayo ni mateso.

Siku iliyofuata ya kufungua mkebe, nilisikia hatua za mtu akipanda ngazi za ghorofani, kulia, kushoto, kulia, kushoto, zimelingana. Alikuwa Mpaka Rangi, na mkononi ana kopo dogo na brashi. Hakuitwa na mtu. Mama Mkebe alikuwa tayari ameleta skrini ya pili kwa ajili ya mazoezi peke yake, ili madirisha yasikutane tena. Mpaka Rangi akaigeuza ile skrini, akabandika karatasi kwenye kioo isichafuke, akaanza kuupaka ukingo wake rangi nyekundu, ya mafuta, ile ya mageti, kwa mkono usiotikisika.

"Hii dada hutaikosea hata ukiwa na homa," akasema.

Tulisubiri ikauke, mafundi wote tumepanga foleni mpaka nje, na hakuna aliyenung'unika kuhusu gundi. Kisha Mama Mkebe akaketi, akauliza nani anaanza. Nikasema mimi. Mgonjwa alikuwa amesimama pembeni yangu kwa miguu yake miwili, nami nikalinganisha kila kipimo chake, nikamwambia ni sawa.

"Umelinganisha vizuri?"

"Vizuri."

"Linganisha tena, Fundi."

Nikachukua mkanda nikaanza upya.